Mwanasesere na Yaliyomo Tumboni Mwake

Sikukuu ya Mfunguo Mosi mwaka jana, baada ya sala na baada ya watu kushiba, nilikuwa nimeketi barazani nikipeana mikono ya Idi na majirani. Mara nikamsikia binti yangu kutoka ndani akiita, "Baba! Baba!" kwa sauti ambayo mzazi hahitaji kuulizia maana yake. Nilipoingia nilimkuta mjukuu wangu, mwana wa mwaka mmoja na nusu, amekodoa macho, midomo imeanza kugeuka rangi, na sauti hatoi. Kulia hawezi, kukohoa hawezi. Pembeni yake, juu ya mkeka, alilala dubu wa manyoya niliyemnunulia mimi mwenyewe wiki ile ile, na dubu yule alikuwa na jicho moja.

Mimi, kwa papara yangu, nilitaka kumtia kidole kooni nilitoe lile jicho la pili. Binti yangu akanizuia mkono. "Niwie radhi, baba, usimtie kidole. Utalisukuma lende ndani." Akamlaza kifudifudi juu ya paja lake, kichwa kikawa chini kuliko kifua, akampiga kwa kiganja baina ya mabega. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Mara ya nne jicho likaruka likadunda sakafuni, na kilio kikafuata. Nimesikia kasida nyingi nzuri maishani mwangu, lakini sijapata kusikia sauti tamu kama ya kilio kile.

Baadaye nilimwuliza alikojifunza. Akanambia ni kliniki, alipokuwa mjamzito: mtoto aliyepaliwa hata hawezi kukohoa hupigwa mgongoni mara tano, kikiwa hakikutoka, aliyepita mwaka hushikwa kwa nyuma akaminywa tumbo juu ya kitovu kwa mkupuo wa kupandisha juu, na aliye chini ya mwaka hubonyezwa kifuani. Kidole hakitiwi mdomoni ila kitu kikionekana na kushikika. Mimi ninayejiona nimesoma, nilikuwa silijui hilo.

Wasomaji wengi watasema ilikuwa kudra, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini kudra haimzuii mtu kuuliza. Dubu yule nilimtoa Kongowea, katika rundo la wanasesere wa mtumba lililomwagwa juu ya turubai, kwa shilingi 150 baada ya kupatana. Na nitasema kweli: nilimchagua kwa sababu ya macho yake. Yalikuwa makubwa, meusi, yanang'aa, ungedhani anakutambua. Ndipo siku ya tatu ya Idi nikamtia dubu katika mfuko, na jicho lake katika karatasi, nikenda kwa fundi mmoja wa cherehani huku Mji wa Kale. Mama huyu alifundishwa kushona na marehemu shangazi yangu. Mimi humwita dada, naye huniita ndugu yangu, ingawa damu haituunganishi.

"Dada," nikamwambia, "nipasulie huyu nimwone tumbo."

Kabla hajashika mkasi alimgeuzageuza, akampapasa mishono kwa kidole gumba, akamnusa. Kisha akanionyesha lile jicho. Jicho la siku hizi si kifungo cha kushonwa kwa uzi, bali ni kipande cha plastiki chenye mguu nyuma yake. Mguu hupitishwa kitambaani, na upande wa ndani hubanwa kwa kisahani kidogo chenye meno, ukishapigwa haurudi nyuma. Jicho la namna hii likiwa jipya, na kitambaa kikiwa kipya, huweza kuvutwa na mtu mzima akashindwa. Lakini kitambaa hufa kabla ya plastiki. Dubu wangu alikwisha kupita mikononi mwa mtoto wa Ulaya, akafuliwa mara Mungu anazojua, akabanwa ndani ya robota miezi mingi, na manyoya yaliyozunguka ule mguu yakalika hata tundu likapanuka. Jicho lilitoka pamoja na kisahani chake, likiwa zima kabisa. Kilichoshindwa ni nguo.

Akakata. Mlikuwa na nyuzi nyeupe za poliesta, zile zile zinazotoka katika jamaa ya plastiki inayofanywa chupa za maji. Na hakika nyuzi nyingi za kujazia siku hizi hutengenezwa kwa chupa zilizoyeyushwa. Hizo hazina ubaya: ni nyepesi, hukauka upesi, hazili wadudu. Lakini kichwani mlikuwa na vipande vya sponji vilivyokwisha kuzeeka, ukivishika vinamomonyoka kama mkate mkavu, na matakoni mlikuwa na kifuko cha chembechembe za plastiki za kumpa uzito aketi. Kifuko kilikuwa kimoja tu, chembamba, na mshono wake umeanza kuachia. "Jicho lilikuwa la kwanza, ndugu yangu," akasema fundi. "Hizi zilikuwa zangoja zamu yao."

Wakati anakusanya zile chembe mimi nilikuwa nimekwisha ondoka pale kwa fikira, nimerudi utotoni.

Miaka ya sabini sisi hatukuwa na dubu. Dada zetu walikuwa na wanasesere wa kushonwa nyumbani: mwili wa bafta au wa marekani, leso ya kipande kilichobaki mamake alipokatisha, na tumboni usufi. Shangazi alikuwa akinunua usufi kwa gunia kwa ajili ya mito na magodoro. Kazi ya kuuchambua ilikuwa yetu watoto, maana lile tumba la msufi likipasuka, ndani yake mna mbegu nyeusi zilizojificha, na mto wenye mbegu haulaliki. Tulikuwa tukitoka hapo nyusi nyeupe kama wazee, tunapiga chafya. Usufi una tabia ya ajabu: kila unywele wake ni mwanzi mtupu ndani, na nje una nta, kwa hivyo maji hayauingii upesi. Ndiyo maana zamani mabaharia wakijaziwa usufi katika majaketi ya kujiokolea. Lakini huo huo ukipata cheche hushika moto kwa ghafla, na shangazi hakukubali kibatari kisogee karibu na gunia.

Wanasesere wale hawakuwa na macho. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa hapendi sura itimie, na shangazi, ambaye hakupenda ubishi na mwalimu, aliwaacha nyuso tupu. Jirani yetu mmoja alikuwa akiwatia wake macho ya uzi wa dalizi, akisema ya watoto yamesamehewa. Ubishi huo haukuanza Mombasa. Wanazuoni wengi wameruhusu wanasesere wa watoto kwa hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Abu Daud. Mtume (S.A.W.) aliona miongoni mwa wanasesere wake farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa, akauliza farasi na mabawa wapi na wapi, naye akajibu kwa kuwataja farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba masahaba wa kike, watoto wao walipofungishwa saumu ya Ashura wakalilia chakula, waliwapa vitu vya kuchezea vilivyofanywa kwa sufi ya kondoo hadi jua lichwe. Mimi si mufti na sitaki kuwa. Nasema tu kwamba mwanasesere wa kujazwa sufi si mgeni aliyeletwa na meli ya Ulaya.

Dubu, huyo kweli ni mgeni. Hadithi yake yaanza na mwanamke wa Kijerumani, Margarete Steiff, aliyezaliwa mwaka 1847 katika mji wa Giengen, akapatwa na polio tangu mdogo hata miguu ikafa. Akiwa katika kiti chake cha magurudumu alishona nguo za sufi nzito iliyoshindiliwa, na mwaka 1880 akashona tembo wadogo wa kuchomekea sindano. Watoto wakawaiba wakacheza nao. Mpwa wake, Richard, ndiye aliyechora dubu mwenye viungo vinavyogeuka mwaka 1902, na mwaka 1903 katika maonyesho ya biashara ya Leipzig wakapata mwagizaji wa Kimarekani aliyetaka dubu 3,000. Tangu mwaka 1904 wakamtia kila mnyama wao kifungo cha madini sikioni, ili bandia ijulikane. Kufika mwaka 1907 walitoa karibu dubu milioni moja kwa mwaka.

Jina la tedi lilitoka upande wa pili wa bahari. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa akiwinda Mississippi, akaletewa dubu aliyekwisha fungwa mtini, akakataa kumpiga risasi. Mchoraji Clifford Berryman akakichora kisa hicho gazetini, na mume na mke wenye duka huko Brooklyn, Morris na Rose Michtom, wakashona dubu wakamwita kwa jina la utani la rais. Bwana huyo huyo alishuka hapa hapa Mombasa mwezi wa Aprili 1909. Safari hii, ama hakuna aliyewafunga wanyama mtini, ama huruma ilibaki Mississippi, kwani hesabu ya safari ile ni wanyama 512 waliouawa na yeye na mwanawe.

Dubu wale wa mwanzo wangemtia hofu mama wa leo. Manyoya yao yalikuwa ya mbuzi wa angora, mazuri na ya kudumu, lakini tumboni walijazwa maranda membamba ya mbao, ukimkumbatia anakwaruza. Macho yao ya kwanza yalikuwa vifungo vya viatu. Kisha yakaja ya kioo, yaliyochomekwa kwa waya. Mtoto aling'oa kioo, akabaki na waya. Ilipita muda mrefu kabla mtu hajaona kuwa hilo ni jambo la kurekebishwa. Kampuni ya Wendy Boston ya Uingereza ndiyo iliyokuja na jicho la kufungwa kwa ndani mwaka 1948, na mwaka 1954 ikatoa dubu wa kufulika katika mashine. Lile jicho lililomkaba mjukuu wangu ni kitukuu cha jicho hilo la salama.

Nilitaka kujua jicho hupimwaje, maana haiwezekani kila kiwanda kijiamulie. Kumbe katika kanuni za Ulaya, zile wanazoziita EN 71, jicho huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na kulining'inizia mzigo wa kilo tisa, kwa sekunde kumi. Likiwa dogo la milimita sita au chini, ni kilo tano. Kabla ya hapo huwa limekwisha pindwa kushoto na kulia kama ambavyo mtoto angelipinda. Mshono nao huvutwa, kama kilo saba. Kitakachotoka hutumbukizwa katika kikombe cha chuma chenye upana wa milimita 31.7, kikiingia chote, mwanasesere yule amefeli, maana kitu cha kadiri hiyo huingia kooni mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Viwanda vizuri hupitisha kila mnyama aliyekwisha shonwa katika mashine ya kunusa chuma, kwa sababu sindano ya cherehani ikivunjika kipande hubaki ndani ya nyuzi. Kuna pia kanuni za kimataifa, ISO 8124, zihusuzo nguvu, moto na sumu za rangi. Na rangi si mchezo: mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani ililazimika kuviita virudi vitu vya kuchezea kwa mamilioni, vingine kwa risasi iliyokuwa katika rangi, vingine kwa sumaku ndogo zilizokuwa zikibanduka.

Jambo moja lilinishangaza zaidi. Wauzaji wengi wanabandika ile alama ya uso wa mtoto uliokatwa mstari, yenye sifuri na tatu, wakidhani wamejiokoa: tulikwisha kuonya si wa mtoto mdogo. Kwa Ulaya udhuru huo haukubaliwi kwa mnyama laini wa kukumbatiwa. Wanasema kitu laini cha kukumbatia kitamfikia mtoto mchanga, upende usipende, basi lazima kimfae. Ukiona mnyama laini ana alama hiyo, ujue aliyemtengeneza ameshindwa mtihani au hakuufanya. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa vile vikaragosi vyenye meno, Labubu, vilivyotia watu wazimu mwaka 2025. Serikali ya Marekani ilitoa onyo mwezi wa Agosti mwaka huo juu ya vile vya bandia, kwa sababu vilikuwa vikivunjika vipande vya kukaba watoto.

Hapa kwetu liko shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, na shehena ya vitu vipya yafaa ije na cheti. Lakini robota la mtumba likikatwa kamba Kongowea asubuhi, hakuna anayevuta jicho la dubu ila mnunuzi. Basi nimejifundisha kumvuta. Humshika jicho kwa kucha, nikalivuta kwa nguvu zangu zote bila haya, na muuzaji akininunia namrudishia. Humminya tumbo polepole kutafuta kigumu: sindano, kisanduku cha sauti, betri. Betri ile bapa kama kifungo ndiyo mbaya kupita zote, maana ikimezwa ikakwama kooni huweza kuunguza umio kwa saa mbili tu, na mahali pake lazima pawe pamefungwa kwa skrubu. Humtenga mshono kwa vidole gumba viwili kuona kama uzi wacheka. Husugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Hunusa: harufu ya mafuta ya taa au ya rangi mbichi ni jibu tosha. Utepe wa shingoni na kamba ndefu hukata pale pale. Na kwa nyumba isiyo na kile kikombe cha chuma, kipo kile kigogo cha karatasi ya chooni, ambacho upana wake wazidi kidogo. Chochote kipitacho ndani yake kisiwe mbele ya mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

Kuna mtu ataniambia kwa nini basi usinunue kipya dukani ukapumzika. Nimewavuta na wa dukani. Katika duka moja la mjini nilivuta pua ya sungura mpya, bei yake mara nane ya dubu wangu, ikabaki mkononi mwangu. Muuzaji alisema nimeivunja kusudi, na alisema kweli.

Na kufua, hilo pia si dogo katika hewa yetu hii ya chumvi na unyevu. Mnyama wa poliesta hufuliwa kwa maji ya moto, joto la 60, ndipo utitiri wa vumbi ufe, ule unaowapandisha pumu watoto. Asiye na maji ya moto humtia katika friza siku nzima na usiku wake kisha akamfua, kwa kuwa utitiri uliokufa nao huwasha. Kisha aanikwe juani mpaka kiini kikauke, siyo ngozi tu. Wakati wa Kusi huweza kuchukua siku tatu, na akiingizwa mbichi huvunda ndani ukungu usiouona. Wa usufi hafuliki hivyo. Huganda mabonge. Huyo hufunguliwa, nguo ikafuliwa peke yake, usufi ukapigwa jua ukarudishwa.

Na mtoto aliye chini ya mwaka asilale naye, hata awe mzuri vipi. Madaktari wa watoto wamekubaliana hivyo: kitandani mwa mtoto mchanga pasiwe na mto, wala dubu, wala kitu chochote laini cha kumfunika pua.

Tulibishana mimi na fundi juu ya kumjaza upya. Mimi nilitaka usufi, kwa ajili ya shangazi. Yeye akakataa katakata. "Nyumba yenu ina jiko la mkaa uani na umeme wenu wakatika, mwawasha mishumaa. Usufi tia kwenye mto wako wewe." Akamjaza poliesta mpya, akazitupa chembe na sponji, akaushona mshono mara mbili kwa uzi mzito. Tukafika kwenye macho. Nilimwambia amwache bila, kama wale wa zamani, na moyoni nilikuwa nawaza kwamba wale wanasesere tupu wa shangazi, walioachwa bila macho ili kumridhisha mwalimu, hawakumkaba mtoto yeyote mtaani petu miaka yote ile. Fundi alinitazama juu ya miwani yake. "Mtoto alimpenda kwa macho," akasema. "Wewe pia." Akatia uzi mweusi sindanoni, akaling'oa na lile jicho la pili, akadarizi macho mawili bapa, kila moja kadiri ya sarafu ya shilingi.

Malipo alikataa. Niliporudi nyumbani nikampa mjukuu wangu, naye hakumtaka. Alimtazama kwa mbali siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta ameketi naye mkekani, anamkwaruza jicho kwa ukucha, kwa bidii, kama mtu anayeng'oa kibanzi. Uzi haukutoka. Akamwinua, akautia uso wa dubu mdomoni, akautafuna hata akachoka, akaja kunipa mimi nimshikie, ameloa chepechepe.

Lile jicho la plastiki ninalo katika saraka ya meza yangu. Nikiandika husikia likibingirika kila nivutapo saraka kutafuta kalamu.